Kilo Mbili za Mbavu

Mbavu zilishakatwa.
Hilo ndilo tatizo lililotangulia tatizo la simu:
shoka lilishashuka kwenye gogo mara saba,
gazeti la juzi lilishalowa damu ukurasa wa michezo,
na ng'ombe, ujuavyo, akishatenganishwa haunganishwi.

Nikabonyeza. Namba ya duka niliisoma mara mbili,
pale ilipopakwa rangi nyekundu juu ya mizani.
Elfu moja mia tatu. Namba ya siri.
Kiduara kikaanza kuzunguka,
kikazunguka kama nzi aliyekosa pa kutua,
kisha kioo kikanyamaza.

"Haijaingia," akasema Nzioka, bila kugeuka.
"Imetoka," nikasema, nikamwonyesha salio:
shilingi arobaini na mbili, na senti zake.
"Huko imetoka. Huku haijaingia."

Watu wa Soko la Burma hawana subira, ila wana ushauri.
Zima uwashe, alisema kijana wa maini.
Nikazima, nikajiona kwenye kioo cheusi,
nikawasha.
Weka hali ya ndege, ukiitoa itashtuka.
Simu ikaruka, ikatua. Haikushtuka.
Toa laini uifute, alisema mama wa matumbo,
akavua hereni yake ya kushoto, akanipa ncha yake,
nikakichokoa kile kitundu pale pale, juu ya kaunta yenye mafuta,
nikaifuta laini kwenye shati, nikaipuliza, nikairudisha.
Mistari ya mtandao ikasimama minne, wima,
kama askari wa lango: wamenyooka, na hawajui lolote.

"Usirudie!" sauti ikatoka mwisho wa foleni.
"Mimi nilirudia mwezi wa nne, nikanunua godoro mara mbili.
Moja nalilalia. La pili nalidai."

Nikapiga kwa wahudumu.
Kwa Kiswahili bonyeza mbili. Nikabonyeza mbili.
Nikapigiwa kinanda. Kinanda kikakatika.

Basi pesa iko wapi?
Kati ya kidole changu na aproni yake ni mita moja,
ningeweza kumpa mkono.
Lakini noti hizi zisizo karatasi
zimepanda mnara gani, zimelala kwa nani,
zinangoja nani azifungulie mlango?
Nilizitafuta kwa mshahara wa siku mbili,
nikavuta gunia hadi bega likaota sugu,
na sasa si zangu, si zake,
ziko hewani tu, kama mtu aliyeaga kwao
na alikokwenda hawajamwona.

Nzioka akaifuta mikono. Akaliweka shoka.
"Unaitwa nani?"

Miaka sita. Kila Jumamosi.
Mimi jina lake nimelijua kwa ujumbe wa malipo,
yeye langu lilimpita kila wiki kwenye kioo
na hakuwa na haja ya kulisoma.
Nilikuwa bosi, nilikuwa mkubwa, nilikuwa "sema, kiongozi".

"Makokha."
Akatoa daftari la mraba chini ya droo,
jalada limeganda mafuta,
akaandika kwa herufi kubwa, K moja akaisahau,
akanisukumia mbavu.
"Zikiingia zitaingia. Nyama haingoji mnara."

Tulikula. Kitunguu kilinukia hadi ghorofa ya tatu.
Saa nane na dakika kumi na tatu usiku
simu ikatetemeka juu ya stuli:
imethibitishwa, elfu moja mia tatu, Nzioka Nyama Bora,
kana kwamba ndiyo kwanza nimeamua kulipa,
gizani, nikiwa usingizini, kwa hiari yangu.

Jumamosi iliyofuata nilikuta foleni ile ile.
Hereni zote mbili zilikuwa masikioni mwa mwenyewe.
Nzioka akainua shoka, akanitazama usoni.
"Makoha! Leo mbavu, au paja?"

Sikumsahihisha.